Makaa Niliyoyaingiza Kwenye Gereji Yako

Mjomba,

Kwetu barua huanza kwa kuulizana hali. Yako naijua: umelala Wundanyi karibu na mama yako tangu Oktoba, na binti yako Mghoi alinitumia picha za maua. Yangu ndiyo mbaya. Nimekukosea baada ya kufa kwako, jambo ambalo sikujua mtu anaweza kulifanya. Ulipokuwa hai nilikukosea mara nyingi, ukanitania mpaka nikaona haya, yakaisha. Hili la sasa huna mdomo wa kulijibu, na watu wamekusema vibaya mimi nikiwa papo hapo, nikanyamaza.

Wacha nianze na kitanda. Unajua magoti ya mkeo, na unajua kile kitanda cha dukani alichokuwa akikipanda kama anayepanda lori la mchanga. Ulisema utamtengenezea kifupi, cha mwaloni, akikaa nyayo ziguse sakafu. Ukakata vipande vyote, ukachonga ndimi na matundu yake, ukavijaribu bila gundi vikaingiana, ukaandika juu ya kila kimoja kwa penseli: kichwani, miguuni, kushoto, kulia. Wiki iliyofuata moyo wako ukasimama ukiwa mezani unakunywa chai. Vipande vikabaki vimeegemea ukuta wa gereji na mwandiko wako juu yake.

Siku ya ibada ya kukuaga, kabla mwili wako haujasafirishwa kwenda kwetu, nyumba yenu ya huku ughaibuni, Champlin, ikiwa imejaa watu, nilimwambia Mama Mghoi kwamba kitanda nitakimaliza mimi. Ningeweza kumwambia jikoni tukiwa wawili. Nilisema sebuleni, kwa sauti, ili wale wazee wenzako waliokuwa wakikuuliza kwa nini unapoteza Jumamosi zako kumfundisha mwanamke useremala wanisikie. Wakanisikia. Nilijisikia vizuri mno kwa mtu aliyefiwa.

Na ulikuwa umenifundisha, hilo sitalikana. Majira matano ya baridi nimeendesha gari kutoka Oakdale hadi kwako kila Jumamosi niliyokuwa huru kazini, na kila mwaka theluji ya kwanza ikianguka ulinisomea yale yale utadhani ni sala. Hita iwe ile ya umeme yenye mafuta ndani, isiyo na mwali wala waya mwekundu wa kuwasha vumbi. Ichomekwe ukutani moja kwa moja, isipitie ekstensheni, na isile umeme wa laini moja na msumeno wa meza. Maranda yafagiliwe kabla haijawashwa, na kitu chochote kikae hatua nzima mbali nayo. Vanishi ingoje siku za joto, lango likiwa wazi. Gundi ilale jikoni kwa Mama Mghoi, kando ya unga wa ugali. Na mtu akitaka kufanya kazi Jumamosi, gereji ianze kupashwa joto Ijumaa, kwa sababu hewa hupata joto upesi lakini mbao na sakafu hazina haraka. Sheria hizo ulizishika zote, isipokuwa ile ya hatua nzima, ambayo uliivunja kila ifikapo saa nne asubuhi kwa kupasha mandazi juu ya hita. Nilipokusuta ulisema sheria haihusu chakula.

Lango lote ulilibandika mabamba ya povu kwa mikono yako, ukaziba kila upenyo kwa mpira. Kisha ukafunga king'ora cha kaboni monoksaidi kando ya mlango unaoingia nyumbani. Nilikucheka siku ile. Nilikuuliza king'ora cha nini, wakati humu hamna kitu kinachochoma hata karatasi. Ukasema, "Mpwa wangu, hicho hakingoji siku utakayokuwa mjinga. Kinangoja siku utakayojiona mjanja."

Siku hiyo ilikuja Januari, na baridi ile ya kugandisha kope. Kazini, kwenye nyumba ya wazee, walikuwa wananipa zamu za ziada, na Jumamosi ya kwanza niliyopata nilifika kwenu saa nne asubuhi bila kumpigia Mama Mghoi simu Ijumaa awashe hita. Niliiwasha nilipofika, nikangoja muda wa vikombe viwili vya chai, nikaona hewa haiumi tena puani, nikasema inatosha. Nikapaka gundi sehemu ya kichwani, nikakaza vibano. Jumamosi iliyofuata nilipovifungua, gundi ilikuwa nyeupe, chaki tupu, na ulimi ukachomoka tunduni kwa mkono mmoja. Mbao zilikuwa baridi ndani. Ulikuwa umeniambia, tena zaidi ya mara moja.

Mtu mwenye akili angekwangua gundi ile, awashe hita, aende zake nyumbani, arudi kesho. Lakini mimi nilikuwa nimeshatangaza. Mama Mghoi naye alikuwa ameshawaambia watu wa kanisa kwamba kitanda kinamalizika wiki hiyo. Nikaiona hita yako mvivu. Nikatazama huku na huku kama anayetafuta wa kumsaidia, nikaona jiko kwenye rafu ya juu, lile la makaa ulilobeba ndani ya sanduku kutoka Voi, tunalochomea nyama bustanini wakati wa kiangazi.

Unajua tulivyolelewa. Milimani kwetu kuna baridi, na Nyanya aliwasha makaa nje, akangoja moshi uishe, akaona yamekuwa mekundu yote na majivu kidogo juu, ndipo akaliingiza jiko chumbani tukalizunguka. Ubaya uko kwenye moshi, moshi ukiisha ubaya umeisha: hivyo ndivyo kila mtoto wa kwetu anavyojua. Hatukuambiwa kwamba kilichotuponya ni ile mianya chini ya mabati, iliyopitisha upepo mpaka blanketi zikacheza. Gereji yako wewe uliiziba usipite hata upepo wa kuzima mshumaa.

Na mimi ni nesi, Mjomba. Nilisoma jinsi damu inavyoishika hewa hiyo ya makaa isiyo na rangi wala harufu na kuiacha oksijeni ipite. Nilifanya mtihani juu yake nikafaulu. Bado niliyawasha makaa pale nje kwenye theluji, nikayapepea kwa kipande cha boksi, nikangoja moshi uishe kama Nyanya, nikaliinua jiko, nikaliingiza ndani, nikashusha lango.

Mama Mghoi alikuwa ameketi kwenye kiti chake, katika ule mlango wa kutoka jikoni kuingia gereji, ameuacha wazi. Tangu ufe alikuwa akiketi pale kila nilipokuja. Alisema anapenda kusikia randa, akifumba macho haoni tofauti kati ya mkono wako na wangu. Alikuwa amevaa jaketi lako la kazi, lile la kahawia. Alipoliona jiko alifurahi, akanyoosha viganja, akasema, "Sasa hapa pamekuwa kwetu." Nami nikalisogeza karibu naye apate joto.

King'ora chako kililia baada ya kama nusu saa. Kililia mara nne, kikanyamaza, kikalia tena mara nne. Mimi naishi na ving'ora. Kule kazini vinalia kutwa: vya vitanda, vya dripu, vya milango, vya mzee aliyebonyeza kitufe kwa kukosa wa kuzungumza naye. Mkono wangu umezoea kuvizima kabla akili haijauliza. Nilipanda stuli, nikafungua kifuniko, nikatoa betri nikazitia mfukoni. Nikamwambia Mama Mghoi, "Ni betri tu, baridi imezimaliza." Betri zikiisha king'ora kile hulia mara moja moja. Ulinionyesha, na nilikuwa nakumbuka.

Kichwa kilianza kunigonga, nikadhani ni njaa. Gundi ilikuwa inashika vizuri, na hiyo ndiyo niliyokuwa nikiitazama. Nilitoka kwa mlango wa pembeni kwenda kuchukua vibano viwili nilivyovisahau garini. Baridi ikanipiga usoni, nikajaribu kutembea, miguu ikaniyumba. Hapo ndipo nilipojua. Niliporudi mbio Mama Mghoi alikuwa ameinamisha kichwa kifuani kama mtu aliyesinzia kanisani, na nilipomwita hakuitika.

Nililiinua lango. Nikamburuta hadi nje. Alikuwa anapumua. Nikapiga simu ya dharura, nikataja anwani vizuri, nikamlaza kwa ubavu jinsi nilivyofundishwa. Kisha nikafanya mambo mawili ambayo sikufundishwa na mtu. Nililibeba jiko hadi nyuma ya nyumba nikalizika ndani ya theluji. Na nikarudi kupanda stuli, nikarudisha betri kwenye king'ora. Mjomba, mkeo alikuwa amelala chini peke yake, hajitambui, na mimi nilikuwa nazika makaa.

Walipokuja, mzima moto mmoja, kijana mpole, alipita nyumba nzima na kipimo chake cha sumu hiyo. Akaniuliza kama kulikuwa na kitu kinachowaka. Nikasema hapana. Akaniuliza kama king'ora kililia. Nikasema sikukisikia. Akaandika. Basi hakukubaki cha kushukiwa ila fanesi, ile mashine ya gesi kule chini inayopasha nyumba joto, ambayo wewe mwenyewe ulikuwa ukiisafisha na kuibadilishia chujio kila ilipokaribia baridi. Wakaizima. Fundi wa gesi alipoikagua alisema haoni ufa wala hitilafu, ila ina miaka mingi. Watu wakashika hilo la miaka tu.

Mama Mghoi aliwekewa oksijeni, akarudi kwetu, Mungu ashukuriwe. Daktari alisema huenda asiikumbuke siku ile, wengi hawaikumbuki. Na kweli hakukumbuka jiko, hakukumbuka king'ora, hakukumbuka hata alivyonyoosha viganja vyake. Nilikuwa nimeomba apone. Nilipoona amepona, nikaomba asikumbuke. Sala zote mbili zilijibiwa, na kwa ile ya pili naona aibu kila nikipiga magoti.

Jumapili kanisani walinisimamisha mbele. Mchungaji alisema Mungu alikuwa amemweka nesi wake mahali pake kwa saa yake. Watu wakapiga makofi. Mama mmoja akaja akanivika leso mabegani, kama tunavyomfanyia mtu aliyeleta heshima. Nikaivaa. Nikatoka nayo nikaenda nayo nyumbani.

Ni baada ya ibada, kwenye chai, ndipo walipoanza nawe. "Mzee alikuwa anajifanya fundi wa kila kitu." "Huku si kule kwetu ushago, furnace unaitia mtu ako na license." "Na hiyo alarm ali-install hata haikulia." Ni wazee wale wale. Mmoja alisema kwa huruma kabisa kwamba uliacha bomu chini ya mkeo bila kujua. Nilikuwa nimeshika kikombe. Ningesema maneno matatu tu yangetosha. Nikasema chai ina tangawizi nyingi.

Mghoi alinipigia kutoka Texas akilia. "I told Dad, mara ngapi, get a professional. Alikuwa mbishi tu." Nikamwambia pole.

Mama Mghoi aliogopa nyumba yake, akahamia kwangu Oakdale. Nilimpa chumba changu nikalala kwenye kochi. Kila niliporudi kazini nilimkuta ameshapika chai, anaimimina, anasema, "Bila wewe saa hii ningekuwa nimemfuata mume wangu." Wiki tano nimekunywa chai ile.

Nataka ujue kwamba mwanzoni alikutetea. Alisema, "Mwakio hawezi. Mwakio alikuwa anakagua kila kitu." Wakambembeleza jinsi anavyobembelezwa mtu anayekataa ukweli. Siku zikaenda, akaacha kubisha. Halafu akaanza kukuuliza maswali akiwa anaosha vyombo, mgongo amenipa mimi. Kama ulikuwa hujui, mbona ulisema unajua? Na kama ulijua, mbona ulimwacha alale juu ya hatari miaka yote hiyo? Alikupoteza Oktoba, na sisi sote tukamlilia pamoja naye. Sasa alikuwa anakupoteza tena kwa mkono wangu, wala hapakuwa na mtu wa kumpa pole. Mghoi aliposema nyumba iuzwe, na randa zako na misumeno yako, mama yake alikubali bila kuuliza swali.

Jumamosi moja mwezi wa pili alivua jaketi lako. Tangu msiba hakuwa amelivua ila wakati wa kulala na kuoga. Alilikunja vizuri, mikono ndani, akanipa. Akasema nikienda dukani nilitumbukize kwenye lile sanduku la nguo za msaada. Akasema, "Nimechoka kumvaa mtu aliyenidanganya."

Nilifika kwenye sanduku, Mjomba. Nilifungua mdomo wake. Jaketi lilikuwa bado linanuka mwaloni na vanishi, na mfuko mmoja ulikuwa na maranda yaliyokunjamana. Nikarudi garini nikakaa mpaka vioo vikaganda kwa pumzi zangu. Mficha maradhi kifo humuumbua: maneno hayo nimewaambia wagonjwa wangapi, kwa sauti ile ya nesi anayejua kila kitu. Niliona kwamba nikilitupa lile jaketi nitakuwa nimekuzika mara ya pili, na safari hii nimekuzika na kosa langu mfukoni mwako. Nikageuza gari.

Nilimkuta jikoni anakatakata sukuma wiki. Nilisimama, koti la theluji sijalivua, kwa sababu nilijua nikikaa nitaanza kutafuta maneno matamu. Nikasema ni mimi. Nikasema niliwasha jiko nikaliingiza nikaliweka karibu yake, na kwamba fanesi haikuwa na kosa, na Mjomba hakuwa na kosa. Nikamwambia mahali nilipolizika. Kisu alikuwa amekishika hewani.

Aliniuliza jambo moja tu. "King'ora kililia?"

Nikasema kililia. Nikasema kiliendelea kulia mpaka nilipotoa betri.

Ungemwona uso. Hakunikasirikia, hapo bado. Alifunika mdomo kwa kiganja chenye maji ya mboga, akasema, "Kumbe alikifunga vizuri." Akasema tena. Akasema mara ya tatu, akalia kilio ambacho hakulia hata kwenye msiba wako, na katikati ya kilio alikuwa anacheka. Alininyang'anya jaketi akalivaa. Baadaye ndipo akanigeukia mimi, na sitaandika yote aliyoniambia. Mengine yalikuwa ya Kitaita, na unajua Kitaita chake kikikasirika. Alimaliza kwa kusema kwamba kumwambia yeye peke yake hakutoshi. "Ulimpaka matope mbele ya watu. Utamwosha mbele ya watu." Kisha akaenda kufunga mizigo yake, akaniamuru nimrudishe Champlin siku ile ile.

Tulipofika aliingia mwenyewe, akashuka chini kwa magoti yale, ngazi moja moja, akaweka mkono juu ya fanesi kama anayempapasa mgonjwa homa. Mimi nilibaki juu nimeshika mifuko yake.

Jumatatu niliwapigia wazima moto nikawaeleza. Aliyepokea alinisikiliza mpaka mwisho, akasema watairekebisha ripoti, akaniuliza kama jiko bado liko ndani. Kazini pia nimesema kwa mkuu wangu, na bado sijui watakavyoamua. Niliogopa sana hilo zamani. Sasa hivi si hilo linaloniamsha usingizini.

Kanisani niliomba nafasi wakati wa matangazo. Nilisema yote, tangu gundi ya chaki hadi tangawizi kwenye chai, na jina lako nikalitaja kamili. Hapakuwa na makofi. Yule mama aliipokea leso yake bila kunitazama. Wazee wenzako walitazama viatu vyao. Mchungaji alitafuta wimbo wa kufuata asiupate upesi.

Nje, nikiwa natafuta funguo za gari, akanifuata baba mmoja wa Inver Grove Heights ninayemjua kwa sura tu. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Lakini ukiacha garage door wazi kidogo, si ni sawa? Maana sisi tuki-park magari nje, hiyo ndiyo place yetu ya kuchoma nyama winter." Nikamwambia si sawa. Nikamwambia makaa yakiwa mekundu bila moshi ndipo usipoiona sumu, na upenyo wa lango hautoshi kuitoa. Akaniuliza tena, kama anayetumaini nitabadilisha jibu. Jioni mke wake akanipigia, akataka niende nikawaonyeshe mahali pa kufunga king'ora. Tangu hapo nimeitwa na nyumba nyingine tatu. Wananifungulia mlango wakijua nilichofanya, na wengine wananiuliza maswali ambayo hayahusu gereji. Najibu.

Mghoi nilimpigia mwenyewe. Nilimweleza yote. Kisha akasema, "Uliniacha niseme hayo yote about my dad. You just let me." Hajapokea simu yangu tena. Kwa mama yake anapiga kila siku, na nyumba haiuzwi.

Kitanda kimesimama. Mbao zililala sebuleni siku tatu, hita iliwashwa Ijumaa asubuhi, na Jumamosi niliposhika ubao ulikuwa na joto la mkono wa mtu. Gundi ile ya chaki niliikwangua yote. Ila kiungo kimoja, kile nilichokiunganisha siku ya makaa, kilikuwa kimeshika kweli kweli, kikakataa kufunguka. Nilikigonga, nikakisukuma, nikaogopa kukipasua. Basi kimo humo kitandani, upande wa kichwani, kushoto. Nilimwonyesha Mama Mghoi. Alikitazama akasema kikae, na analala upande wa kulia. Vanishi inangoja Mei.

Hakai tena mlangoni ninapofanya kazi. Mlango wa jikoni sasa unafungwa, na sijui kama huko nyuma yake anasikiliza randa au hasikilizi. Hajanisamehe. Amesema waziwazi, "Bado. Usiniharakishe." Chai ananipa, ila anaiacha mezani niende niichukue.

Jumamosi iliyopita, kabla sijaondoka, nilimwomba jambo. Najua yeye huzungumza nawe kila asubuhi, namsikia nikifika mapema. Nilimwomba aniombee msamaha kwako. Alikuwa anakunja shuka. Akasema hapana. Akasema yeye ana msamaha wake wa kuomba, kwa yale yote aliyokunenea ukiwa huwezi kujibu, na umemchukua siku nyingi, na hata sasa hajui kama ameumaliza. Akasema wangu nikuombe mwenyewe, kwa mkono wangu, nisimtume mjane.

Basi naomba. Nisamehe kwa makaa, ingawa hayo ungenicheka kwanza kabla ya kunikaripia. Nisamehe zaidi kwa wiki tano. Nilikuwa na mdomo na wewe hukuwa nao, nikautumia kunywea chai.

Sikukuaga vizuri Oktoba, nilikuwa nashughulika kuonekana. Nakuaga sasa, hapa mezani kwangu, hakuna anayenitazama. Pumzika, Mjomba. Nakuahidi jambo moja, dogo kuliko lile nililolitangaza sebuleni kwako. Mtu akiuliza, mwaka huu au nikiwa mzee, ni nini kilitokea kwenye gereji ya Mzee Mwakio, sitangoja aulize mara mbili, na jina atakalolisikia litakuwa langu.

Mpwa wako,
Wakesho